Laptopu ya gemu kwa mwanafunzi wa usanifu majengo: kisa cha mpwa wangu

Oktoba 2023, saa mbili usiku, umeme umekatika kwangu Sinza na kwa dada yangu Kimara, simu ikaita. Mwanawe amechaguliwa kusoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, masomo yanaanza baada ya wiki tatu, na kikoba chao kimevunjwa. Mgao wake ni milioni moja na laki nane, yote ameitenga kwa ajili ya kompyuta, na juu ya hapo hakuna hata mia.

"Sasa binti ananiambia anataka laptopu ya gemu. Mdogo wangu, mimi nampeleka chuo akasome au akacheze?"

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na swali la "nichukue ya gemu au hizi nyepesi za kawaida?" linaingia dukani kila wiki. Jibu langu nilishalikariri: kama hulazimiki, chukua nyepesi. Kisa hiki nakiandika chote kwa sababu jibu hilo lilinishinda mbele ya watu wawili ambao hawajui prosesa ni nini.

Kwanza hilo jina. Laptopu ikiitwa ya gemu, mzazi anaona taa za rangi kwenye kibodi na mtoto anayekesha. Fundi akiifungua anaona vitu viwili: prosesa (chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta) ya daraja la H, iliyopangiwa kula wati 45 au zaidi, na kadi ya michoro inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Laptopu nyepesi za ofisini nyingi zina prosesa ya daraja la U, wati 15, na michoro inafanywa na kipande kidogo ndani ya prosesa hiyohiyo. Tofauti kubwa ni hiyo, ukiacha kioo na mapambo.

Mpwa wangu alikuwa ameshaongea na wanafunzi wa mwaka wa tatu, akaja na orodha ya programu kwenye simu: AutoCAD, SketchUp, Revit, halafu Lumion, Enscape na Twinmotion. Hizo tatu za mwanzo, kwa michoro ya ukubwa wa kawaida, zinakwenda kwenye laptopu ya ofisini bila ugomvi, mradi RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ifike GB 16. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazogeuza mchoro kuwa picha ya nyumba yenye kivuli, miti na kioo kinachoakisi, nazo hutegemea kadi ya michoro kama gari linavyotegemea mafuta. Twinmotion yenyewe imejengwa juu ya Unreal Engine, injini inayotengenezea magemu. Nilimpigia dada tena kumweleza hilo, kwamba programu ya darasani na gemu vinakula chakula kimoja. Akasema sawa, lakini hakusema sawa ya kukubali.

Kuna mtu alimshauri achukue MacBook Air iliyotumika. Ni mashine nzuri, nyepesi, na zile za kuanzia mwisho wa 2020 hazina feni kabisa. Lakini Revit haina toleo la Mac, kwa hiyo hilo halikuchukua hata dakika tano.

Nikamwambia binti kabla hatujataja jina la laptopu yoyote, aniandikie siku yake ya chuo itakavyokuwa. Aliandika hivi: saa kumi na mbili asubuhi, mwendokasi Kimara hadi Ubungo, amesimama. Ubungo anapanda daladala ya Sam Nujoma, anashuka Survey. Begani begi, mkononi tyubu ya michoro na T-skwea, ile rula ndefu yenye umbo la T. Darasani mpaka jioni, soketi anazipata wa mbele. Nyumbani saa moja na nusu usiku kama foleni ni ya huruma, na kama umeme upo.

Huo "kama umeme upo" ndio ulionishika. Wanaoukumbuka mwisho wa 2023 wanajua: mgao wa umeme ulikuwa wa saa nyingi, na ratiba yake ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Laptopu ya gemu kazini inataka chaja ya wati 150 hadi 200, inayochomekwa kwa pini yake maalumu. Invata ndogo za nyumbani zinapiga kelele na kujizima ukiichomeka. Pawabenki haiiwezi kabisa. Laptopu ya ofisini inachaji kwa wati 65 tu, kwa waya wa USB-C, hata kwenye invata ya mpemba wa dukani inakaa.

Halafu uzito. Laptopu ya gemu ya inchi 15 ina kama kilo 2.3, chaja yake inakaribia robo tatu ya kilo. Nilimwambia achukue sukari pakiti tatu za kilo moja aweke begini, atembee mpaka kituo cha Kimara Mwisho na kurudi. Alikwenda, akarudi anacheka.

"Anko, mbona kawaida tu."

"Hujapanda mwendokasi nayo."

Akanyamaza. Nikahesabu hilo kuwa ni bao langu.

Uamuzi wangu wa kwanza, basi, ulikuwa huu, na mpaka leo kwenye karatasi hauna kasoro. Mwaka wa kwanza wenyewe, kwa maelezo ya hao wakubwa zake, ni kuchora kwa mkono kwa sehemu kubwa. Anunue laptopu nyepesi ya ofisini, ThinkPad T14 iliyotumika, ya 2020, kwa laki nane na nusu: kilo moja na nusu, chaja ndogo, kibodi ya kuandikia miaka. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha kumi, na hilo lina maana, kwa sababu Microsoft walishatangaza kwamba wangeacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. (Zile za kizazi cha sita na cha saba zilizojaa mezani Kariakoo kwa bei ya kutupa, sababu ya bei hiyo ni hii. Muuzaji hatakwambia.) Laki tisa na nusu inayobaki iwekwe. Akifika mwaka wa tatu, kazi za picha zikianza kwa nguvu, kadi za michoro za leo zitakuwa zimeshuka bei, ataongeza kidogo na kununua mashine bora kuliko anayoweza kununua sasa.

Nilimsomea dada mpango huo kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Hiyo laki tisa na nusu nani ataiweka?"

"Wewe, dada. Benki."

"Mdogo wangu, hela ya kukaa kwangu miaka miwili haijazaliwa. Akiugua mtu Singida, hela ipo. Mdogo wake akidaiwa ada, hela ipo. Nikisema sina, nitakuwa nadanganya, na wanajua kikoba kimevunjwa. Mimi nanunua kompyuta moja, leo, ya kumaliza nayo chuo. Chagueni nyinyi ni ipi."

Hapo hesabu yangu ikaanguka. Mimi nilikuwa napima mashine, yeye alikuwa anapima hela, na hela ndiyo anaijua kuliko mimi ninavyoijua kompyuta. Kama ni moja kwa miaka yote, basi hiyo nyepesi itamfikisha mwaka wa tatu na kumwacha mlangoni: T14 ile huwezi kuiongezea kadi ya michoro ndani. RAM unaongeza, SSD ya kuhifadhia mafaili unabadilisha, kadi hapana. Kilichobaki ni kutafuta laptopu ya gemu ambayo haitamuua kwa mgao na kwa mwendokasi, tukaenda nayo Kariakoo kama swali la kujibiwa kwa vipimo.

Nilibeba flashi yenye Blender, programu ya bure ya kutengenezea picha za namna hiyo, lile toleo la kubeba lisilohitaji kusakinishwa, na faili moja ya nyumba ya ghorofa mbili aliyoipata mpwa wangu kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nashauri mtu yeyote afanye hivyo. Muuzaji atakuonyesha kibandiko cha prosesa na kukufungulia video ya YouTube, na video ya YouTube inakwenda hata kwenye simu ya laki moja na nusu.

Mashine ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa T14 yenyewe, tupate kipimo cha kulinganishia. Faili ilifunguka, nyumba ikawa inazunguka kwa kukatakata kama gari lenye plagi mbovu. Tukaipa kazi ya kutengeneza picha moja ya nyumba hiyo: dakika 19. Muuzaji alitukalisha, akatuletea maji. Nikachungulia betri. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, Windows inakuandikia ripoti yenye namba mbili za kutazama: ujazo iliozaliwa nao na ujazo inaoufikia sasa. Hii ilizaliwa na saa-wati 50, imebaki na 41. Kwa kazi za kawaida laptopu ya namna hiyo inakula kama wati 7, kwa hiyo karibu saa sita. Nzuri.

Ya pili ilikuwa ya gemu, kadi ya michoro ya Nvidia RTX 3050, taa nyekundu, na ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani. Milioni moja na laki nne. Picha ileile: dakika mbili na sekunde 40. Binti macho yakamtoka. Nikatoa ripoti ya betri: ilizaliwa na 52.5, imebaki na 33.8. Laptopu ya namna hii hata ukiandika barua inakula kama wati 12, kwa hiyo hazifiki saa tatu. Halafu kioo. Tulifungua picha ya ukuta wa tofali za kuchoma, tofali zikaonekana za chungwa lililopauka. Laptopu nyingi za gemu za bei ya chini zina vioo vya rangi hafifu. Kwa mtu anayefukuza maadui kwenye gemu haina neno, kwa mtu atakayesimama mbele ya walimu kutetea rangi ya ukuta ni shida kila wiki.

"Bosi, hii haina tatizo, imetoka Dubai juzi," akasema muuzaji. Mimi sikusema ina tatizo. Nilisema haitufai.

Duka la tatu lilikuwa juu ghorofani, ngazi nyembamba, mashine zimepangwa kama mikate. Pale kulikuwa na laptopu ya wahandisi, nyembamba, kadi ya michoro ndani, kilo 1.8, ambayo nilidhani ndiyo jibu lenyewe. Nikaiweka mezani, ikayumba. Nikaigeuza: betri imevimba, imesukuma kigusio cha kipanya mpaka kimeinuka upande mmoja. Nilimrudishia na kumwambia asiichaji tena.

Pembeni yake ndiyo ilikuwepo tuliyoichukua. Ya gemu, ya 2021, prosesa Ryzen ya kampuni ya AMD, RAM GB 16, na kadi RTX 3050 ileile kwa jina. Kwa jina tu. Picha ya nyumba ilitoka kwa dakika moja na sekunde 35. Hapa kuna mtego ambao hata wauzaji wengi hawaujui: RTX 3050 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 au ikaachiwa mpaka 80, aamuavyo aliyeitengeneza laptopu, na kibandiko ni kilekile. Ukifungua mipangilio ya Nvidia, kwenye taarifa za mfumo, kikomo kimeandikwa. Ile yenye taa nyekundu ilikuwa imebanwa.

Kisha nikachomoa chaja, nikaipa picha ileile tena. Dakika nne na kitu. Watu hawaambiwi hili wanaponunua: bila waya wa ukutani laptopu ya gemu inajipunguza yenyewe, betri haina uwezo wa kulisha kadi ile kwa nguvu zote. Ulichonunua kwa milioni moja na nusu kinafanya kazi kamili karibu na soketi tu. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi nzito usiku nyumbani, hilo linavumilika. Kwa anayetaka kufanya kazi nzito kwenye basi, hakuna laptopu yake.

Lakini betri yenyewe ilikuwa na ujazo wa kuzaliwa wa 90, na bado inafika 76.5. Gawa kwa wati 12: saa sita na dakika kadhaa. Yaani inakula karibu mara mbili ya T14 na bado inakwenda nayo sawa, kwa sababu tangi lake ni kubwa. Miaka yote nilikuwa nawaambia wateja kwamba nyepesi ndiyo inayokaa na chaji, na nilikuwa sijawahi kuigawa hesabu hiyo kwa kalamu.

Kitu cha mwisho kilikuwa chaja. Nilikuwa na chaja yangu ya wati 65 ya USB-C mfukoni. Baadhi ya laptopu za gemu za miaka ya karibuni zinaikubali, nyingine zina tundu hilohilo na haziikubali, na alama ya pembeni si ya kuaminiwa sana. Nikachomeka. Kitaa cha chaji kikawaka. Kwa chaja hiyo ndogo huwezi kutengeneza picha, lakini AutoCAD na kuandika ripoti inatosha, na invata ndogo inaimudu. Lile tofali la wati 200 linabaki nyumbani, begi linabaki na kilo mbili na nusu.

Muuzaji alitaka milioni moja laki saba na nusu. Tulikaa pale, nikaenda kuswali Adhuhuri, nikarudi, tukamalizana kwa milioni moja na laki sita. Chaja ndogo elfu hamsini na tano, begi la mgongoni lenye mikanda mipana elfu arobaini. Ilibaki laki moja na elfu tano, akaipokea dada. Haikumaliza Novemba: ilikwenda Singida kama nauli ya msiba. Hakunikumbusha maneno yake.

Usiku ule niliifungua, nikapuliza vumbi, nikabadilisha dawa ya joto ya prosesa na kadi, nikashusha kioo kutoka mizunguko 144 kwa sekunde hadi 60 kwa siku za betri, na kuiweka itumie michoro ya ndani ya prosesa mpaka programu nzito iombe kadi. Nilimpa sharti moja tu, isiwekwe kitandani ikifanya kazi. Godoro linaziba matundu ya chini, feni zinavuta hewa ya moto ileile, na nusu ya laptopu za gemu zinazoletwa kwangu zimekufa kifo hicho.

Sasa ni haki niseme yaliyofuata, maana uchambuzi unaoishia dukani ni tangazo la biashara. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, uliingizwa kwenye gridi, na mgao uliokuwa nguzo kuu ya hoja yangu ukaanza kuisha. Mwaka wa pili mpwa wangu na mwenzake walipanga chumba Makongo, anatembea kwa miguu mpaka darasani, na mwendokasi ukaishia hapo. Vitu viwili nilivyovipa uzito kuliko vyote havikuvuka mwaka wa kwanza wa masomo. Ningemnunulia T14 kwa ajili ya mgao na foleni, leo angekuwa na laptopu ya kubebeka ambayo habebi.

Na upande wangu nao ulikuwa na ukweli wake. Muhula wa kwanza wote laptopu ile haikufanya kazi hata moja iliyoihitaji kadi yake. Siku tatu kwa wiki aliiacha nyumbani akaenda na penseli, kwa sababu begi, tyubu na T-skwea havikai pamoja nayo ndani ya gari lililojaa. Na kioo chake, japo ni bora kuliko kile cha tofali la chungwa, bado akitaka kuhakikisha rangi anaitazama picha kwenye simu kwanza.

Angekuwa anasoma sheria, uhasibu au ualimu, nisingezunguka Kariakoo nusu siku. Ningemkabidhi hiyo T14 na chenji yake, hela hiyo wakaigawane na Singida.

Kazi kubwa ilikuja mwaka wa pili, wiki ya kuwasilisha michoro. Wanafunzi wenzake wenye laptopu nyepesi walianza kuja na flashi zao saa tatu usiku, na yeye akaweka bei: elfu mbili kwa picha, elfu tano kama ni video fupi. Mashine inafanya kazi juu ya meza mpaka alfajiri, yeye amelala. Siku ya nne baba mwenye nyumba akagonga mlango. LUKU yao ni moja, vyumba sita, na uniti zinakwisha kabla ya siku yake. Alitaka kujua nani anapiga pasi usiku kucha.

Binti akanipigia simu pale pale, akaweka sauti ya nje. Nikamweleza mzee kwamba pasi inakula wati elfu moja na zaidi, hii inakula kama 150, kwa saa nane ni uniti moja na kidogo. Alikaa kimya, nadhani alikuwa anaitazama.

"Kwa hiyo inapiga picha za nyumba ambazo hazijajengwa?"

"Ndiyo, mzee."

Walikubaliana awe anaongeza elfu tatu kwenye umeme wa kila mwezi. Wiki iliyofuata mzee alimletea karatasi ya daftari yenye mchoro wa kalamu, vyumba vitatu na sebule, kiwanja chake cha Kibaha, akauliza kama na yeye ni elfu mbili.